Waokoaji wa mtaa wafundishwe nini kuhusu mtu mwenye usonji?

Kijana wa Kyeshero (Goma)

Wazazi, wauguzi na ndugu wote mnaosoma hapa, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mmoja wa vijana wanaojitolea kutoa huduma ya kwanza hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Mwezi ujao nimepewa nusu siku ya kuwafundisha wenzangu, pamoja na wazimamoto wachache, viongozi wa nyumba kumi na wamotari (waendesha pikipiki za abiria) wa kituo cha karibu, namna ya kumsaidia mtu mwenye usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na kuhisi mambo, ambayo wengi wetu mjini tunaiita otisme. Nafasi hiyo niliiomba mwenyewe, na sina budi kueleza sababu yake, kwani bila hiyo swali langu halitaeleweka.

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji wetu wahame mara moja. Mliokuwapo mnakumbuka barabara ya Sake ilivyofurika siku ile: magodoro juu ya chukudu, yaani baiskeli zetu za mbao za kusukuma mizigo, mbuzi, akina mama na watoto mgongoni, honi zisizonyamaza, na ardhi yenyewe ikitikisika kila baada ya muda. Karibu na Mugunga nilimkuta mvulana wa kama miaka minane ameketi katikati ya njia, ameziba masikio kwa viganja, anarudia neno moja tu, "kandambili, kandambili." Moja ya kandambili zake ilikuwa imepotea katika msongamano. Mama yake, aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni na mzigo kichwani, alikuwa akijaribu kunieleza jambo, lakini sikumpa nafasi. Mimi niliona mtoto mkaidi anayefunga njia. Nilimshika mkono nikamwinua kwa nguvu, wenzangu wawili wakaja kunisaidia, kila mmoja akipiga kelele zake, na yule mtoto akaniuma, akachomoka, akakimbia kurudi mjini katikati ya pikipiki. Tulimpata baada ya karibu saa nzima, nyuma ya kibanda cha mbao, ameikumbatia kandambili iliyobaki. Mama yake hakunigombeza. Aliniambia tu, "Ungenipa dakika mbili nimvue na hiyo nyingine, angetembea. Kinachomshinda ni mguu mmoja kuwa tofauti na mwenzake."

Baada ya mlipuko ule, UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao. Nimejiuliza mara nyingi ni wangapi kati yao walikuwa hawawezi kutaja jina lao.

Nimesoma maandishi ya mafunzo kama haya kutoka Marekani na Uingereza, na yana mengi mazuri, lakini yanadhani kwamba kuna namba moja ya dharura inayopokelewa kila saa, gari la wagonjwa lenye kila kitu, na daftari la polisi lenye majina ya wakazi wenye usonji. Kwetu anayefika kwanza ni jirani, motari, au sisi. Nina saa nne tu. Nianze na lipi, na lipi niliache?

Mama wa Himbi (Goma)

Mwanangu, umefanya vyema kusema hadharani jambo ambalo wengi wangelificha. Nina mtoto wa kiume wa miaka 11 mwenye usonji, ambaye hasemi, kwa hiyo nitakujibu kama mzazi: anza na maji.

Mwaka juzi geti letu liliachwa wazi kwa muda wa kumlipa mletaji wa maji tu, na nilipogeuka mtoto hakuwapo. Majirani walitoka wote, Mungu awabariki, wakatafuta kanisani, shuleni na sokoni, wakiita jina lake kwa sauti. Hakuna aliyekwenda ziwani kwanza, hata mimi mama yake. Mvuvi mmoja ndiye aliyemkuta mahali ambapo wanawake huchota maji, ameketi ndani ya ziwa, maji yamemfika kifuani, anadondosha vijiwe kimoja kimoja na kutazama viduara vikipanuka. Alikuwa ametulia na ana furaha, na hatua mbili tatu mbele yake mwamba unakatika na kina kinaanza.

Baadaye nilijua kwamba hayo hayakuwa ya mwanangu peke yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 katika jarida la Pediatrics ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wenye usonji, yaani 49 kwa kila 100, walikuwa wamejaribu angalau mara moja kuondoka peke yao mahali salama baada ya kutimiza miaka minne. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walikadiria kwamba hatari ya kufa maji kwa watoto wenye usonji wasiozidi miaka 14 ni mara 160 ya ile ya watoto kwa jumla. Hesabu hizo ni za nchi nyingine, lakini sisi ndio tunaolala kando ya ziwa. Wafundishe wenzako kwamba mtoto wa namna hii akipotea, watu wa kwanza waende majini, na watakaobaki ndio waende kanisani na sokoni.

Halafu kuna mazuku, ambayo hutayakuta katika maandishi ya Marekani. Sisi wa pande hizi hadi Bulengo tunayajua: ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini, isiyo na rangi wala harufu, nzito kuliko hewa tunayovuta, ambayo hulala kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Watoto wengine tumewazoesha kupakimbia mahali penye mizoga ya ndege na panya. Wangu haelewi onyo la maneno, na akiogopeshwa na kelele za wanaomtafuta huenda kujificha penye kimya, yaani penye shimo. Kijana wako atakayeinama kumfuata humo anaweza kuanguka kabla hajamfikia, kwani pale hewa hiyo inapokuwa nyingi, pumzi chache zinatosha kumaliza mtu. Tafadhali usiyafundishe mambo hayo mawili mbalimbali, usonji siku moja na mazuku siku nyingine. Kwetu ni jambo moja.

Kingine ni hiki cha kuita jina. Mwanangu haitiki akiitwa, na kadiri watu wanavyozidi kumwita ndivyo anavyozidi kwenda mbali. Lakini ukigonga kijiko kwenye sahani ya bati mara tatu, anakuja, kwa sababu ndivyo tunavyomwita kula tangu akiwa mdogo. Kila mzazi ana sahani yake ya namna hiyo. Mwokoaji akifika aulize kwanza: huyu huja kwa nini, hukimbia nini, na hupenda kwenda wapi? Maswali hayo matatu yana faida kuliko kuuliza amevaa shati la rangi gani, ingawa hilo nalo liulizwe.

Jambo jingine ni zito kwangu, nalo ni kwamba baadhi yetu tunawaficha watoto hawa. Mtoto asiyesema, anayejibembeza na kupiga kelele usiku, mtaani ataitwa mchawi, na kuna wachungaji ambao watamfungisha siku tatu bila chakula ili wamtoe pepo. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshtaki mtoto uchawi, lakini jirani hajaisoma. Kwa hiyo siku ya moto au ya mlipuko, kiongozi wa nyumba kumi atahesabu watoto watatu katika nyumba yenye wanne. Ukiwa na viongozi hao mbele yako, tumia saa nzima kwa jambo hilo.

Muuguzi wa Kadutu (Bukavu)

Ndugu wa Kyeshero, Mama amesema yaliyo makubwa. Mimi nitaongeza kuhusu mwili, kwa kuwa nimefanya kazi ya kupokea wagonjwa wa dharura kwa miaka mingi.

Siku moja tuliletewa msichana wa miaka 14 aliyemwagikiwa na maji ya moto. Hakulia. Alikuwa akijibembeza mbele na nyuma, akiimba kwa sauti ya puani wimbo usio na maneno, na mara mojamoja akicheka. Mwenzetu aliyempokea akaandika kwamba maumivu ni madogo, akamweka nyuma ya foleni. Nilipoinua kitenge, kidonda kilikuwa kirefu kutoka paja hadi goti, na ngozi imekwisha kutoka. Tangu siku hiyo nawaambia wanafunzi wangu kwamba uso wa mtu mwenye usonji hauwezi kuwa kipimo cha maumivu. Wengine huumia sana bila kuonyesha, na wengine huteseka kwa kuguswa tu na kidole. Mkague mwili wote, kwani huenda asikuonyeshe panapouma.

Kumgusa kuna taratibu zake. Mwambie unachotaka kufanya kabla ya kukifanya, mwonyeshe kwanza kwenye mkono wako au wa mama yake, kisha umguse kwa mkono uliotulia na wenye uzito kidogo, maana mguso mwepesi wa kupapasa huwasumbua wengi kuliko ule ulio imara. Bendeji anaweza kuivua mara mia moja, na huo si utovu wa adabu. Zimeni king'ora na redio mkifika, taa zinazomulikamulika pia, na azungumze mtu mmoja tu. Ukimwuliza swali, nyamaza uhesabu moyoni hadi kumi kabla ya kulirudia, kwa sababu ukilirudia kwa maneno mengine akili yake inaanza upya kulishughulikia tangu mwanzo.

Lugha yetu nayo ina mitego. Niliwahi kumwambia kijana mmoja tuliyekuwa tukimshona kichwani, "Piga moyo konde." Alikunja ngumi akajipiga kifuani kwa nguvu, mara moja, mara mbili, na sindano ikateleza. Tangu hapo nimejizuia kusema "vuta subira," "kaza roho," "tupa jicho huku," na nyingine tunazozitamka bila kufikiri. Mwambie, "Keti hapa. Nitasafisha kidonda. Kitauma. Nikimaliza, utarudi nyumbani na mama." Na kama hatarudi nyumbani, usiseme atarudi.

Jambo moja naomba ulirudie mpaka wachoke kulisikia: wasimlaze kifudifudi na kumkalia au kumkandamiza mgongo. Mtu aliyeshikwa hivyo hushindwa kupumua, hupigana ili apate hewa, wanaomshika hudhani anapinga na huongeza nguvu, na anaweza kufa mikononi mwao wakiwa na nia njema kabisa. Baadhi ya wenye usonji wana pia kifafa, jambo linaloongeza hatari. Kama hakuna moto, maji wala gari linalokuja, mwache nafasi, wasogeze watazamaji, na ungoje. Kungoja ni sehemu ya huduma ya kwanza, ingawa najua ndiyo ngumu kuliko zote kwa kijana mwenye ari.

Na mzazi aingie naye hadi ndani. Ile desturi ya kumwacha mama nje ya mlango hapa haifai.

Papa wa Katuba (Lubumbashi)

Nawaunga mkono wote, lakini naona mnazungumza juu ya watoto, na watoto hukua. Mwanangu ana miaka 24. Ni mrefu kunishinda, anatembea kwa ncha za vidole, hamtazami mtu machoni, na ukimwuliza jambo hurudia maneno yako ya mwisho kama mwangwi. Mtoto mdogo akifanya hivyo watu humhurumia. Mwanaume akifanya hivyo saa mbili usiku, wanaona mlevi au jambazi.

Alisimamishwa na watu wenye sare karibu na njia ya reli. "Unatoka wapi?" Naye akajibu, "Unatoka wapi?" Wakauliza tena kwa ukali, akarudia kwa ukali uleule, kwa sababu hurudia hata sauti. Walidhani anawadhihaki. Alirudi nyumbani shavu limevimba, na kwa majuma mawili kila alipopita mbele ya kioo alijiuliza, "Unatoka wapi? Unatoka wapi?" Siwachukii waliompiga. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna watu wanaojibu hivyo.

Kwa hiyo, kijana wangu, waalike na polisi, hata akija mmoja tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, na polisi anayesimama kila siku kwenye kizuizi cha barabara hukutana nao bila kujua. Hata nchi zenye mafunzo hukosea: mwezi Julai 2016 huko North Miami, Marekani, polisi alimpiga risasi mhudumu aliyekuwa amelala chini, mikono juu, akieleza kwamba mtu aliyeketi pembeni yake ana usonji na kwamba alichoshika ni gari la kuchezea. Maelezo yaliyotolewa baadaye upande wa polisi yalikuwa kwamba aliyelengwa ni yule mwenye usonji. Mwaka 2018 nchi hiyo ilipitisha sheria inayoitwa kwa majina ya wavulana wawili wenye usonji, Kevin na Avonte, waliotoka peke yao na kufa maji, ili kugharimia mafunzo na utafutaji wa waliopotea.

Sisi pia tuna msingi wa kuombea mafunzo haya, si kama hisani. Kongo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015. Kifungu chake cha 11 kinahusu ulinzi wao wakati wa vita na maafa, na cha 13 kinataka polisi wafundishwe. Tuna pia sheria yetu wenyewe ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu. Nenda na nakala mkononi unapoomba ukumbi na wakufunzi.

Pendekezo langu ni kwamba kila familia imtengenezee mtu wake kadi yenye maneno machache na namba ya simu, avae shingoni, juu ya nguo. Isikae mfukoni, kwani kijana anayeingiza mkono mfukoni ghafla mbele ya bunduki anaweza kupoteza maisha kwa ajili ya kadi iliyokusudiwa kumwokoa.

Mama wa Himbi (Goma)

Papa wa Katuba, pole sana kwa yaliyompata mwanao. Kuhusu kadi, hata hivyo, siafikiani nawe kwa mtoto wangu. Kumning'iniza shingoni maandishi yanayosema hawezi kusema ni kumtangazia kila mtu mwenye nia mbaya kwamba huyu hatakuja kushtaki. Kwa mtu mzima anayetembea peke yake nakubali. Kwa mtoto, ni afadhali mwokoaji amjue yeye na nyumba yake. Mimi nimeshona namba yangu ndani ya mkunjo wa ukosi wa mashati yake, upande usiogusa ngozi, kwa sababu lebo inayokwaruza shingo huivua pamoja na shati lenyewe.

Mwanafunzi (Goma)

Mimi mwenyewe nina usonji. Nasoma chuo kikuu na huandika vizuri kuliko ninavyosema, ndiyo maana nimeandika hapa. King'ora sikisikii masikioni tu, nakihisi kwenye meno, na wakati huo maneno ya mtu yananifikia kama redio iliyo katikati ya vituo viwili. Nikiziba masikio sikudharau. Nikitazama kiatu chako ninakusikiliza, na ukinilazimisha nikutazame machoni nitaacha kukusikia. Mkiwafundisha watu juu yetu, mmoja wetu awe pale mbele. Niko tayari kuja, nikipewa maswali siku mbili kabla.

Kijana wa Kyeshero (Goma)

Nawashukuru wote. Nilikuwa nimepanga kuanza na maana ya usonji na historia yake, tangu daktari Leo Kanner alipouandika mwaka 1943. Nimeiondoa sehemu hiyo yote. Saa ya kwanza tutashuka ufukweni pamoja, tupite mahali ambapo wanawake huchota maji na mashimo yanayojulikana ya mazuku, ili kila mmoja aone kwa macho yake pa kuanzia kutafuta na mahali pa kutoingia peke yake. Saa ya pili ni ya viongozi wa nyumba kumi, kama Mama alivyosema. Ya tatu tutajizoeza kwa vitendo: sauti moja, kuhesabu hadi kumi, kukagua mwili bila kumlazimisha mtu. Ya nne nampa ndugu Mwanafunzi, na maswali nitamtumia mapema kama alivyoomba. Barua ya polisi nimeiandika jana, na sheria ya 2022 nimeiambatisha.

Mama, nilitaka kukuomba uje na mwanao ili wenzangu wamzoee, lakini baada ya kuwasoma ninyi nyote sina uhakika kama ombi hilo ni la haki kwake.

Mama wa Himbi (Goma)

Umefikiri vyema, mwanangu. Watu 30 wageni ufukweni, wote wakimtazama yeye, wangemharibia juma zima. Wenzako waje nyumbani wawili wawili, siku tofauti, wakae kwenye jiwe lililo mlangoni bila kumsemesha, mpaka atakapowasogelea mwenyewe. Siku ya mafunzo atabaki na dada yake, nami nitakuja na sahani na kijiko.